Mhungaria wa Korogwe

Siku niliyowaambia wenzangu wa chumbani kwamba mimi ni Mhungaria, yule Mkenya alikuwa anakata kucha za miguu. Akaacha kukata, akanitazama kutoka utosini mpaka kwenye ndala, akasema, "Buda, hata mimi nikikaa sana kwa jua naanza kuona vitu. Kunywa maji."

Tulikuwa watatu kwenye chumba kimoja mtaa wa Najma, Doha, juu ya duka la fundi saa. Mkenya alitoka Nakuru, alikuwa mlinzi wa jengo ambalo halijaisha kujengwa, kwa hiyo alikuwa analinda hewa. Wa pili alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu mzima kidogo, dereva wa basi la wafanyakazi, mwenye sauti ambayo hata akikunong'oneza, jirani anaitikia. Wa tatu mimi, mtoto wa Korogwe, kidato cha pili nikaishia hapo, mgawa taulo kwenye bwawa la kuogelea la hoteli. Mgeni anatoka majini, mimi nampa taulo na tabasamu. Tabasamu nilikuwa nalo hata kabla ya kuajiriwa, kwa hiyo mshahara wote ulikuwa wa taulo.

Ilikuwa miaka ile Qatar wameshapewa Kombe la Dunia, mji umechimbwa kila mahali kama shamba la viazi. Na wakati huo kutoka nchini ilikuwa lazima mwajiri akuandikie ruhusa. Nilikuwa naota sana mambo ya viwanja vya ndege. Katika ndoto hizo napita na kijitabu changu cha pasipoti, askari ananiambia "karibu", na mimi namjibu kwa madaha, siulizwi bosi wangu ni nani.

Habari za Uhungaria nilizipata bwawani. Palikuwa na mama mmoja anafundisha watoto wa matajiri kuogelea, mabega yake kama ya beki wa kati, filimbi shingoni, na hakuna mtoto aliyethubutu kuzama mbele yake. Siku moja nikamsikia akisema anatoka Hungaria. Nikamwambia, kwa Kiingereza chetu cha hotelini, "Madam, baba wa bibi yangu alikuwa wa huko."

Akacheka mpaka filimbi ikalia yenyewe. Akaniuliza anaitwaje huyo baba. Nilipomtajia jina, kama bibi alivyolitaja nyumbani maisha yake yote, akaacha kucheka.

"Hilo jina," akasema, "kijijini kwetu limejaa makaburini."

Ndipo akanieleza kwamba nchi yao siku hizi inawatafuta watoto wake waliotawanyika duniani, na mtu mwenye babu wa huko anaweza kupewa uraia. Mchana ule niligawa taulo kama waziri anayegawa vyeti.

Sasa lazima niseme habari za bibi. Bibi, mzaa mama, alizaliwa kwenye mashamba ya mkonge. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo, mzungu, na alifunga ndoa na mama yake bibi kanisani, misheni, jambo ambalo wazungu wenzake hawakumsamehe wala Waafrika hawakumwelewa. Vita vya pili vilipofika, Waingereza wakaja na lori wakamchukua kumpeleka kambini, kwa sababu nchi yake ilikuwa upande wa Mjerumani. Bibi alikuwa na miaka minne. Hakurudi, hakuandika, na hakuna aliyekuja kusema amekufa.

Watu wa Korogwe hawakutaka hadithi ndefu hivyo. Wao walisema mzungu alijifurahisha akakimbia, kama wazungu wengine, na bibi wakampa jina: mtoto wa mkonge. Yaani aliokotwa huko katikati ya miba. Alikua nalo, akaolewa nalo, akazeeka nalo. Na kwa vile baba hakujulikana ni hai au maiti, ni mume wa mtu au mpita njia, hakuwahi kuliliwa.

Nilimpigia simu usiku uleule. Bibi aliniita mume wangu toka nikiwa na kitovu kibichi, na mimi namwita mke wangu.

"Shikamoo, mke wangu. Nataka kukufanya Mzungu rasmi."

"Marahaba. Umechelewa, nimebakiza meno mawili. Wazungu watanitaka wa nini?"

Nikamweleza yote. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mume wangu, Ulaya nenda wewe. Mimi nataka karatasi ya serikali, yenye muhuri, iseme huyu ni binti wa huyu. Basi. Nikiipata hiyo nitajua la kufanya. Lakini fanya haraka, maana miguu imeanza kuvimba, na daktari anaitazama kama fundi anavyotazama gari bovu."

Hapo nikawa na kazi mbili: kijitabu changu mimi na karatasi yake yeye. Wakati ule nilidhani ni kazi moja.

Mnyamwezi, aliyejua kila kitu kwa sababu abiria humwambia dereva kila kitu, alinionya kwamba watanipima lugha. "Hawakupi bure, mwanangu. Utasimamishwa pale uongee."

Basi nikaanza kujifunza Kihungaria bwawani. Mwalimu nilikuwa naye, ila mwalimu huyo alikuwa kazini, na kazi yake ni kufokea watoto. Nilichokidaka ndicho alichokifoka. Kwa miezi minne nilijua kusema habari za mchana, vuta pumzi, piga miguu, usishike kamba, toka majini, na mama yako anakusubiri. Jioni nilikuwa nafanya mazoezi chumbani. Mkenya akiinama kufunga kamba za buti nasikika: "Piga miguu! Usishike kamba!"

"Wewe," ananiambia, "siku utafukuzwa hii nchi, hutafukuzwa na Waarabu. Mimi ndiye nitakuripoti."

Nyumbani nako mambo yalikuwa yanakwenda. Padri wa misheni alifungua kitabu cha ndoa cha zamani. Mchwa walikuwa wamekula pembe zote nne, lakini mstari wa wale wawili ulikuwa mzima, na jina la mzungu na la mama yake bibi yamekaa pamoja. Mama akampeleka bibi mpaka Dar kutia sahihi mbele ya mtu wa ubalozi. Bibi akaweka dole gumba, halafu akaomba kuweka la pili, la kushoto, ili wasije wakasema halikuonekana.

Dada yangu naye akapiga simu. "Mmeniacha wapi? Kama kuna Uzungu unagawiwa, na mimi niweke." Dada anakaanga chipsi stendi, ana mdomo wa mafuta ya moto. Nikamweka. Kwetu huwezi kujaza fomu ya neema ukamruka ndugu yako. Nilipofunga bahasha ilikuwa na watu wanne: bibi, mama, dada na mimi. Mama mmoja jirani pia aliomba, lakini huyo kwa kweli hakuwa na undugu hata wa kuazima.

Siku ya kwenda ubalozini, hapo Doha, niliazima tai ya ulinzi ya Mkenya na viatu vya Mnyamwezi, vilivyonizidi namba mbili, kwa hiyo niliingia nikiburuza kama bwana harusi mlevi. Nyuma ya meza palikuwa na mama mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikamsalimia kwa Kihungaria. Akainua kichwa, uso ukafunguka, akanijibu kwa sentensi ndefu ambayo sikuelewa hata nukta yake. Nikaona hapa ndipo napimwa. Nikasimama wima.

"Vuta pumzi," nikamwambia. "Piga miguu. Usishike kamba."

Yule mama akavuta pumzi kweli. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akahamia Kiingereza.

"Nani amekufundisha?"

"Mwalimu wa kuogelea, mama."

"Nilihisi." Mdomo ulikuwa unamcheza. "Kijana wangu, lugha huihitaji. Lugha ni kwa wanaoomba kupewa. Wewe huombi kupewa, unaomba kuthibitishiwa. Kama bibi yako amezaliwa kwenye ndoa hii, basi ni raia wetu toka siku hiyo. Amekuwa Mhungaria miaka yote, sisi tu hatukujua."

Nikamfikiria bibi Mhungaria analima mahindi, bibi Mhungaria anamfukuza nguruwe kwa ufagio, bibi Mhungaria anatukanwa kisimani. Machozi yakanijia pale pale, na tai ya watu shingoni.

Yule mama akaanza kupanga karatasi mezani. Kitabu cha ndoa, vizuri. Cheti cha bibi, vizuri. Cha mama, vizuri. Akaweka cha dada, akaweka changu pembeni yake, mkono ukasimama.

"Dada yako amezaliwa mwezi wa tatu."

"Ndiyo, mama."

"Wewe mwezi wa saba."

"Ndiyo."

"Mwaka uleule."

Nikatazama. Toka nipate zile karatasi sikuwahi kuziweka bega kwa bega.

"Mama yenu ni mmoja?"

"Mmoja tu."

"Basi alikuzaa miezi minne baada ya dada yako."

Nikasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika uso. Nilisema, "Sisi kwetu tunawahi."

Hakucheka. Na mimi nilishajua kilichotokea. Nilipokuwa naondoka Dar, kazi iliyokuwapo ilitaka watu waliovuka ishirini na tano, na mimi nilikuwa nimevuka mtihani wa kidato cha pili tu, tena kwa kubebwa. Wakala akanizeesha miaka minne kwa muda wa kunywa chai. Cheti kikatoka, pasipoti ikatoka, nikapanda ndege nikiwa na umri wa dada yangu. Kwetu wabeba maboksi wa Doha hilo halikuwa jambo. Mkenya alikuwa amepunguzwa miaka mitano, Mnyamwezi amepunguzwa minane. Kile chumba cha Najma, aliyekuwa na umri wake wa kweli alikuwa panya.

Nikamweleza yule mama ukweli. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye chai.

Alinisikiliza. Halafu akasema taratibu kwamba cheti changu hawezi kukipokea mpaka kirekebishwe nyumbani, mahakamani. Na kikirekebishwa, pasipoti nayo ibadilishwe, na kitambulisho cha Qatar nacho, na mwajiri ataambiwa. "Ukitaka mwende wote wanne pamoja, nenda karekebishe kwanza, mimi nitawasubiri. Mwaka, labda miwili. Au naweza kupokea hawa watatu leo."

Mwaka, labda miwili. Nikaiona miguu ya bibi. Pia, nisidanganye, nikauona ule uwanja wa ndege wa ndotoni, askari anasema karibu, na mimi sipo. Nadhani nilikaa pale dakika nzima. Dakika ni ndefu ukiwa umeazima viatu.

"Pokea watatu, mama," nikasema.

Akakichukua cheti changu akanirudishia kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto aliyelala.

Chumbani walinisubiri na soda. Nilipowaeleza, Mkenya aliiweka soda chini. "Ngoja nielewe. Story ni yako. Mwalimu wa maji ni wako. Umetupigisha miguu miezi minne. Halafu Mzungu amekuwa dada wa chipsi?"

"Na mama. Na bibi."

"Na wewe?"

"Mimi bado mgawa taulo."

 Mnyamwezi alinifungulia soda kwa meno akanipa.

Tukangoja. Bibi akalazwa mara moja, akatoka, akalazwa tena. Kila nikipiga simu swali lilikuwa moja: "Hao ndugu zangu wamesemaje?" Mimi nasema bado, mke wangu. Yeye anasema, "Waambie Mhungaria mwenzao hana muda." Wodini alikuwa ameshawatangazia wauguzi, mmoja akaanza kumwita balozi. Kuna wiki alikuwa hasemi kabisa, mama ndiye anashika simu, na mimi najificha kwenye chumba cha taulo nalia ndani ya taulo safi, halafu nairudisha kwenye za kufuliwa ili mgeni asipewe chumvi yangu.

Ilipita zaidi ya mwaka. Ubalozi ukapiga simu mchana, nipo bwawani, na yule mwalimu wa kuogelea aliniona usoni akapuliza filimbi akawatoa watoto wote majini bila sababu. "Nenda," akasema.

Vilikuwa vyeti vitatu vya uraia. Nilikaa nje ya ubalozi kwenye ukingo wa barabara, jua linanichoma, nikampigia bibi. Alikuwa nyumbani, kitandani, lakini sauti imerudi. Nikamsomea cheti chake, kwa matamshi yangu ya bwawani, jina lake, mahali alipozaliwa, halafu jina la baba yake na jina la mama yake, mstari mmoja na mwingine.

"Rudia la baba."

Nikarudia.

"Muhuri upo?"

"Upo, mke wangu. Mkubwa kama kisahani."

Nikangoja apige vigelegele. Badala yake akasema, "Basi baba yangu amefariki."

"Bibi, haijasema hivyo."

"Hesabu miaka yake wewe uliyesoma. Amefariki zamani. Ila nilikuwa namliliaje? Mtu analilia baba yake, halilii uvumi. Sasa ni baba yangu. Mwambie mama yako atandike mikeka."

Kumbe hilo ndilo alilokuwa anajua la kufanya. Alitaka kumwekea matanga.

Yakapangwa Ijumaa, siku ninayopumzika. Asubuhi nilikwenda Mesaimeer, yalipo makanisa ya Doha, nikaandikisha jina la yule mzee kwenye maombi ya marehemu, na padri alilisoma vizuri kuliko mimi. Nikarudi Najma. Korogwe walikuwa wamejaa uani, mama ameweka simu kwenye sufuria ili sauti ikue, bibi amekaa mkekani na khanga kichwani. Wimbo ukaimbwa, sala ikasaliwa, halafu nikasikia mnong'ono. Kuna kitu kimekwama.

Bibi ndiye aliyesema. "Mtani yuko wapi?"

Maana kwetu maiti haiagwi kwa machozi peke yake. Lazima awepo mtani, mtu wa kabila la utani, aje amtukane marehemu, amwige anavyotembea, avuruge kilio mpaka wafiwa wacheke. Matanga bila mtani ni kama umemtupa mtu. Lakini Mhungaria mtani wake nani? Wazee pale uani wakaanza kubishana. Mmoja akasema Mgiriki, mwingine akasema Mjerumani, na wote wawili Korogwe hawapatikani siku hizi.

Mnyamwezi alikuwa amelala kitandani kwake anasikiliza. Akaketi. "Mzungu gani alifika bara bila kubebewa mzigo na Mnyamwezi?" akauliza. "Babu zangu waliwabeba wote, na masanduku yao, na bafu zao za bati. Utani ulianzia njiani hapohapo. Mimi ni mtani wa kila aliyepita. Lete simu. Huyu Mhungaria ana kasoro gani?"

Hilo nililijua, nikamwambia. Mwalimu wa kuogelea aliwahi kuniambia kwamba wao wenyewe hujicheka kwa kulalamika, hata wakifurahi wanalalamika.

Mnyamwezi akaishika simu kwa mikono miwili, akavuta pumzi, na nadhani bila simu pia wangemsikia Korogwe.

"Wee Mhungaria! Wee mlalamishi! Lori lilipokuja ulilalamika siti ngumu, au siyo? Kambini ukalalamika uji. Mbinguni wamekupa kitanda umelalamika shuka! Huna hata aibu! Umeacha mke wa watu, umeacha mtoto hajaota meno ya ukubwa, leo mtoto huyo meno yameota, yameng'oka, wewe bado unatafuta kalamu uandike barua! Pua lote lile, hukunusa njia ya kurudi?"

 Mwanamke mmoja huko akapasuka kicheko, na mwingine, na uani kote kukawa vurugu, watu wanapiga mikeka, mtu anasema jamani sufuria, sufuria inaanguka. Mkenya, ambaye kwao hawana mambo hayo, alikuwa ameziba mdomo kwa mto. "Huyu anatukana maiti ya watu," akaninong'oneza, "na wanamshangilia. WaTZ mko na shida."

Na katikati ya kicheko tukamsikia bibi. Alikuwa anacheka pamoja nao, halafu kicheko kikageuka kabla hakijaisha. "Baba," akasema. "Baba yangu jamani. Baba yangu." Mwanamke wa miaka sabini na kitu, analia kama katoto kaliko nyuma ya lori. Hakuna aliyemnyamazisha. Mnyamwezi alishusha simu kutoka mdomoni, akageukia ukutani, akawa anatafuta kitu kwenye shati lake ambacho hakikuwapo.

Alilia mpaka akamaliza. Tukasikia anapenga kamasi kwenye khanga, kwa nguvu.

"Mtani," akaita.

"Naam, mama," akajibu Mnyamwezi, safari hii kwa sauti ya watu wa kawaida.

"Umemtukana vizuri. Una kuku wako hapa, jogoo, ndiyo haki yako, nitakufugia mpaka uje. Lakini hilo la pua umezidisha. Alikuwa na pua nzuri. Mimi ninayo."